Kigoda cha Adriano

Kigoda chenyewe kilikuwa cha Amisa. Alikivuta kutoka chini ya cherehani yake, akakifuta vumbi kwa kipande cha kitenge, akakiweka katikati ya watu kumi na mmoja waliokaa mviringo. Kisha, badala ya kurudi mahali pake, akamwinamia Jeska sikioni.

"Dada, mi nakwambia, hii mambo iko na ubaya. Hapa kwetu hatuwekee mtu kiti kama haiko."

"Ni zoezi tu, Mama Layla," Jeska alijibu kwa sauti ya chini. "Limo kitabuni. Gitega tulilifanya na hakuna aliyedhurika."

"Gitega iko Gitega," Amisa alisema, akaenda kukaa.

Ilikuwa Alhamisi ya nane. Kila Jumatano Jeska alitoka kwake Musinzira, mjini Gitega, akaja Muyinga na mkoba wenye daftari, kalamu mbili na kitabu kilichojaladiwa upya kwa karatasi ya saruji. Alhamisi akaongoza kikundi chake katika chumba cha ushoni cha Amisa, na Ijumaa akarudi kuandika ripoti. Kazi hii hakuisomea darasani. Alikulia kambini Tanzania, akaishia kidato cha pili cha shule ya kambi, na mengine yote aliyatoa ndani ya kitabu kile, neno kwa neno, kamusi ya Kifaransa ikiwa magotini. Kilikuwa kitabu cha namna ya kuwatibu watu waliojeruhiwa moyo wakiwa pamoja, kwa mazungumzo. Waliokitunga walikuwa wamefanya kazi Amerika, na watu waliokuwa wakisema Kihispania, waliovuka mipaka kwa miguu wakaacha wengine njiani. Jeska aliposoma habari zao mara ya kwanza alishangaa. Alidhani ni kambi tu ndizo zilizojua mambo hayo.

Sura ya pili, iliyoeleza desturi na koo za watu hao, aliiruka. Ilikuwa na kurasa arobaini na maneno magumu, tena iliwahusu watu wa mbali. Yeye alitaka mazoezi.

Kikundi cha Muyinga kilikuwa kizito. Wengi wao walikuwa wamerudi kutoka Tanzania kwa malori miaka miwili iliyopita, kambi zilipofungwa. Wachache walikuwa Waislamu wa mjini, ambao hawakuondoka bali waliondokewa. Kwa wiki saba walikuja, wakasalimiana, wakakunywa chai, wakamshukuru Mungu na wageni. Ukimuuliza mtu habari za moyo wake alikujibu habari za mbegu. Hata kanuni ya kwanza ya kikundi, kwamba yanayosemwa hapa yabaki hapa, ilikuwa kichekesho. "Yabaki hapa?" Mzee Sefu, fundi wa baiskeli, alikuwa akisema. "Basi tungoje kwanza yasemwe!"

Mgumu kuliko wote alikuwa Efrazia. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na minne, mwembamba, mama wa mabinti wawili, ambaye wote walimwita Mama Pili kwa jina la mkubwa wao. Mumewe Adriano alitoka kambini kwenda kutafuta vibarua Karagwe, na kambi ilipofungwa hakuwa amerudi. Efrazia akapanda lori na watoto, akaenda kwenye kilima alikoishi ukoo wa baba mkwe wake, na huko alikuwa akimngoja mpaka leo. Kila Alhamisi alisema sentensi moja tu: "Adriano bado hajarudi, lakini atarudi." Macho makavu, mikono magotini.

Ndiyo maana Jeska alikitaka kigoda.

"Mama Pili," alisema, "tufanye kama Adriano amekaa pale. Mwambie lolote. Hatutakukatiza."

Efrazia alikitazama kigoda kwa muda mrefu. Nje, mtu alikuwa akigonga bati.

"Adriano," alianza. "Tumefika nyumbani. Pili yuko darasa la tatu, anaandika jina lako. Mdogo hakukumbuki, lakini anacheka kama wewe." Halafu, bila kuambiwa, akafungua kitambaa cha kichwa na kukiweka mapajani, na sauti yake ikateremka, ikawa kama ya mtu mwingine. "Nani alikuosha? Walikufunika na nini, mume wangu? Mguu ule mbovu, waliunyoosha?"

Akaangua kilio. Alilia mpaka akateleza kutoka kwenye benchi, akakishika kigoda kwa mikono miwili. Wanawake wawili nao walianza kulia. Sefu alivua kofia yake, akaipangusia uso.

Jeska alihisi mwili ukimsisimka kwa furaha aliyoionea haya. Wiki saba za mbegu, na sasa hili! Aliandika kwa haraka: *E. amelia. Wengine wamelia naye.* Hakuona kwamba Amisa hakuwa akimtazama Efrazia. Amisa alikuwa akimtazama Jovina, mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano, aliyetoka kilima kimoja na Efrazia, ambaye hakulia. Jovina alijikusanya taratibu, akaaga kwa kichwa, akatoka kabla chai haijamiminwa.

Alhamisi iliyofuata Efrazia hakuja. Jovina pia hakuja.

"Na hawatakuja," Amisa alisema, akiwa ameshika sindano mdomoni. Akaitoa. "Dada, weye ulijua Jovina ni nani?"

"Wa kilima kimoja na Mama Pili. Nimeandika daftarini."

"Uliandika kilima. Bwana yake uliandika? Jovina ni muke wa Longino. Longino ni mdogo wake Adriano, tumbo moja. Ile shamba Mama Pili analima, Longino ndiye aliilima miaka yote wakiwa Tanzania. Aliachia kipande juu ya kaka yake, kwamba kaka yuko njiani anakuja. Alors, sasa muke mwenyewe ameuliza nani amemuosha. Nani anaoshwa, dada? Mtu muzima anaoshwa?"

Jeska aliweka daftari chini.

Kikao kilipoisha, yeye na Amisa walichukua pikipiki mbili za kukodi kwenda kilimani. Nyumba ya Efrazia ilikuwa juu ya bonde, ya matofali mabichi, na mbele yake mibuni ilikuwa imelimiwa vizuri mpaka nusu, kisha palilio likakatika ghafla kama mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Efrazia alikuwa amekaa kwenye mkeka uani. Jovina alikaa karibu naye, akichambua maharage kana kwamba ni kwake.

"Karibuni," Efrazia alisema. Hakuinuka.

"Hatakiwi kuinuka ovyo," Jovina alieleza. "Yuko matangani."

Longino alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, na alisema Kirundi cha kilimani ambacho Jeska, aliyekulia kambini, alikifuata kwa kukaza masikio.

"Nyinyi ndio wa kikundi? Asanteni," alisema, wala hakuwa akidhihaki. "Miaka yote tumekaa hatujui tumngoje au tumlilie. Mkewe ametufungulia. Majembe ya nyumba hii nimeyachukua. Hakuna anayelima kabla msiba haujamalizwa. Jumamosi ya wiki ijayo tutafanya kuganduka. Tumechelewa, kwa hiyo tutayafanya yote siku moja."

Kuganduka Jeska alikujua kwa jina. Ni siku ya kumaliza matanga: ukoo hukaa, pombe huwekwa katikati, jina la marehemu hufungwa, na hutangazwa mali yake inakwenda kwa nani. Kambini hawakuwa na mali ya kutangaza, kwa hiyo walilia siku tatu, wakarudi kwenye foleni ya unga.

"Na shamba?" aliuliza.

"Ana wasichana," Longino alisema. "Wasichana wataolewa. Shamba litarudi kwa ukoo wa baba yake. Yeye atakwenda kwao."

"Kwao ni wapi?" Efrazia aliuliza, na ndilo neno pekee alilosema tangu awakaribishe. Kwao wote walikwisha katika vita vya mwaka wa tisini na tatu, na mtu wa mwisho alikuwa yeye.

Ijumaa Jeska aliketi mbele ya Matata, msimamizi wake katika ofisi ya Gitega, akamweleza yote. Matata hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mambo ya ardhi si yetu, Jeska. Tukiingia hapo, kesho hatutakanyaga kilima hata kimoja. Fomu yako ya Alhamisi ile inasema nini?"

"Inasema kikao kilifaulu."

"Na hakikufaulu?"

Kilifaulu. Huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe.

Jumapili baada ya misa alikaa mlangoni kwake Musinzira na kamusi magotini, akafungua sura ya pili. Aliisoma yote, kurasa arobaini, mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Iliwahusu wale watu wa Kihispania. Ilisema kwamba kabla ya kuwakalisha mviringo, mwongozaji azungukie nyumba zao. Aulize nani ni mama wa ubatizo wa mtoto wa nani, nani ameoa kwa nani, nani hawezi kusema mbele ya nani. Asidhani kwamba mtu huja kikundini peke yake; kila mtu huja na ukoo wake mzima mgongoni. Tena ilisema kwamba wako wanawake ambao kulia kwao si faragha: chozi lao ni tangazo, na kabla ya kuliita ni lazima kujua litatangaza nini.

Yote yalikuwa yameandikwa. Aliyabeba miaka miwili mkobani, ndani ya karatasi ya saruji.

Jumatano alifika Muyinga mapema, akaenda moja kwa moja bondeni. Amisa alikuwa amemwambia kwamba Efrazia aliruhusiwa kutoka mara moja kwa siku, kuteka maji. Alimkuta amepiga magoti kisimani, dumu likijaa.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mama Pili. Nilikufanya umlilie mtu aliye hai."

Efrazia alifunga dumu. Alitazama juu mtelemkoni kuona kama kuna mtu.

"Amekufa, dada."

Jeska alichuchumaa kando yake.

"Mwaka wa kwanza tu baada ya kurudi. Alikuja mtu kutoka Karagwe, akaniletea kadi yake ya posho na mshipi wake. Mti ulimwangukia, walikuwa wanapasua mbao. Walimzika kulekule. Sikumuuliza yule mtu walimwosha vipi. Niliogopa akikaa sana ataonekana. Nilimpa viazi, akaondoka." Aliinua dumu, akaliweka tena chini. "Kadi niliichoma. Mshipi nimeushona ndani ya mto. Ninaulalia."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Akiwa hai nina shamba. Akifa sina pa kuwalaza watoto. Kwa hiyo nimemweka hai. Mwaka mzima na nusu, kila anayeuliza namwambia atarudi. Pili ananiuliza barua ziko wapi, namwambia Karagwe hakuna posta. Nimezoea mpaka kuna siku nilipika chakula chake." Alicheka kidogo, vibaya. "Halafu ukaleta kigoda."

Jeska alitaka kusema neno la kitabuni. Badala yake alilisogeza dumu lisizame matopeni.

"Sikulaumu," Efrazia alisema. "Siku ile nililala. Kwa mara ya kwanza nililala mpaka asubuhi. Lakini sasa unisaidie. Jumamosi uje, usimame mbele ya baba Nazario, mkubwa wa ukoo, useme kwamba maneno yale ulinifundisha wewe. Kwamba hayakuwa yangu. Kwamba yalikuwa mchezo."

"Hayakuwa mchezo."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Nikisema mimi hawataamini."

Alijitwika dumu, akapanda mtelemko bila kugeuka nyuma.

Siku mbili, hata kikaoni Alhamisi, Jeska alizunguka na jambo hilo. Tangu aanze kazi hii alikuwa amejiwekea sharti moja: hatamwambia mtu kwamba hisia yake si ya kweli. Hilo hakulitoa kitabuni. Lilitoka kambini, ambako makarani waliwaambia watu kila siku kwamba hawakuona walichokiona. Na sasa machozi ya kweli kuliko yote aliyowahi kuyaona alitakiwa kuyakana mbele ya watu.

"Utasema?" Amisa alimuuliza Jumamosi asubuhi, akifunga ushungi wake.

"Sijui."

"Bon. Mi nakuja na weye. Wakileta pombe, nitakataa kwa nguvu, waone nimekasirika. Hawajui hata kwa harusi sinywi."

Uani palikuwa na watu kama ishirini. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa katikati, mirija imesimama ndani yake, haijaguswa. Nazario, baba mkubwa wa Adriano, alikaa kwenye kiti cha mbao, mtu mfupi mwenye kikohozi, ambaye alionekana kutamani kuwa mahali pengine. Efrazia alikuwa ukutani na mabinti zake wawili.

Jeska aliomba ruhusa, akapewa. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyeweka kigoda," alisema kwa Kirundi chake cha kambi. "Ni zoezi la kazi yetu. Ninampa mtu maneno, anayasema. Mama Pili alisema niliyompa."

"Na kilio ulimpa wewe?" Longino aliuliza. Watu wengine walicheka. "Huko Gitega mnawafundisha watu kuwalilia walio hai? Basi hiyo shule ni ya namna gani? Kesho mtatufundisha kuwachezea ngoma wafu!"

"Longino," Nazario alimkanya. Akamgeukia Jeska. "Binti yangu, nisikilize. Mimi sina haraka na shamba la mtu. Lakini sitaki mtoto wa ndugu yangu alale huko bila kufungiwa jina, ati kwa sababu tulidanganywa. Huyu mwanamke, alipouliza nani alimwosha mumewe, alikuwa anajua kwamba amekufa?"

Jeska aliwatazama mabinti wawili ukutani. Pili alikuwa akimtazama vilevile, mdomo wazi kidogo, akingoja kama anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani.

"Hapana," Jeska alisema. "Hakujua lolote. Nilimdanganya mimi."

Nazario alikohoa kwa muda. "Na wewe, mke wa mwanangu. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko Karagwe, baba," Efrazia alisema. Sauti haikutetemeka. "Anapasua mbao. Atarudi."

Pili alimshika mama yake mkono, akatabasamu.

Uamuzi wa Nazario ulikuwa mfupi. Pombe imeshapikwa na watu wameshakuja, kwa hiyo itanywewa kama pombe ya kawaida ya kutembeleana. Majembe yarudi. Adriano anangojwa. Longino aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa wake. Lakini kabla mirija haijachukuliwa Nazario aliongeza, akimwangalia Efrazia: "Mara hii nimeuliza. Siku nikisikia umemlilia tena, sitamuuliza mtu."

Amisa alipoletewa mrija alikataa kwa nguvu kama alivyoahidi. Hakuna aliyemjali.

Njiani kurudi mjini Jeska aliomba pikipiki isimame, akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara. Amisa alikaa naye, akamshika mabega.

Alhamisi watu wote kumi na mmoja walikuja. Kigoda kilikuwa chini ya cherehani, kimefunikwa mabaki ya vitambaa. Efrazia alikaa mahali pake pa zamani. Jovina alikaa mkabala naye, kitenge chake cha njano kimefungwa vizuri, na kila mtu alijua kwamba ametumwa. Au hata kama hakutumwa, akifika nyumbani ataulizwa.

Zamu ilizunguka. Mbegu. Mvua. Mungu ashukuriwe.

"Adriano bado hajarudi," Efrazia alisema, "lakini atarudi."

"Atarudi," mtu mmoja aliitikia. "Atarudi," wakasema wengine, mmoja mmoja, kama wanaopitishiana kitu kizito. Efrazia aliitika kwa kichwa kila mara. Uso wake ulikuwa umekakamaa, na Jeska aliona kwamba mikono aliyoiweka magotini ilikuwa imekwaruzwa kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko. Si kwa jembe. Zilikuwa alama za kucha zake mwenyewe.

Zamu iliisha, na Jeska hakuwa na zoezi lingine. Hakukifungua kitabu. Alikuwa amepanga kuwaambia leo kwamba anaacha, atafutwe mwingine anayejua.

"Bwana mimi nina shida," Sefu alisema ghafla.

Watu walimgeukia. Sefu alikuwa ameishika kofia yake mikononi.

"Mama yangu alikufa mwaka ule wa vita. Tulimzika haraka, watu wanne, mchana wa jua kali, kila mmoja ana masikio nje. Hakuna mwanamke aliyekuwepo. Sikupata mtu wa kumlilia. Mimi ni mwanaume, mimi najua nini? Nimekaa naye hivyo miaka yote hii." Alimtazama Efrazia, akaangalia pembeni mara moja. "Basi nasema, kama kuna mama hapa mwenye machozi hayana kazi, anisaidie. Namuomba kama ndugu."

Hakuna aliyesogea. Jeska hakujua kama kitu hiki kilikuwa desturi ya mahali hapo au Sefu alikuwa amekitunga usiku wa jana kitandani kwake. Na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kujua kabla ya kukiacha kiendelee.

Amisa ndiye aliyeinuka. Alikwenda chini ya cherehani, akaondoa vitambaa, akatoa kigoda. Akakiweka katikati.

"Cha mama yake Sefu," alisema kwa sauti kubwa, akimkazia macho Jovina. "Alikuwa mama muzuri sana. Mi nilimjua."

Efrazia alimtazama Sefu. Alisimama, akafika kigodani, akapiga magoti. Alifungua kitambaa cha kichwa.

"Mama Sefu," alisema. "Nani alikuosha?"

Halafu ikatoka, yote, na haikuwa sauti ya mtu anayemlilia mama wa mwingine. Alijipiga kifua. Alikumbatia kigoda kama mtu anayezuia kisichukuliwe. Wanawake waliinuka, wakamzunguka, wakalia naye, wakiita mama Sefu, mama Sefu, kwa nguvu kuliko yeye, kama wanaomfunika nguo.

"Walikufunika na nini? Mbona hukuningoja? Na mguu ule mbovu," Efrazia alilia, "mguu ule mbovu, nani aliunyoosha?"

Sauti za wanawake zilikatika. Ilikuwa kwa pumzi moja tu, lakini zilikatika zote pamoja.

Jovina aliinua kichwa. "Mama yako alikuwa na mguu mbovu, mzee Sefu?"

"Mbovu sana," Sefu alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka ndevuni. "Mbovu kabisa, mwanangu. Tangu ujana."

Jovina alimtazama. Akamtazama Efrazia pale chini, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, kitambaa kimeanguka, shingo imeinama kama ya mtu anayengoja kipigo. Jeska alijua kwamba hakuna neno lake ambalo lingesaidia, akakaa, akangoja kama wengine.

Jovina hakuondoka. Alikaa mpaka chai ikamiminwa, akanywa kikombe chake chote, akakirudisha kwenye sinia. Watu walipokuwa wakiagana alimfuata Jeska mezani, alipokuwa amefungua daftari na hajaandika kitu.

"Andika kwamba alimlilia mama yake Sefu," Jovina alisema, polepole, akiangalia kalamu. "Na mimi nyumbani nitasema hivyohivyo."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Mimi nina wana watatu na shamba ni dogo." Alikaza kitenge chake kiunoni. "Mwambie mguu asiutaje tena. Siku nyingine huenda sitakuja peke yangu kutoka kilimani."

Akatoka. Jeska alichukua kalamu na kuandika kama alivyoambiwa, jina la Efrazia, kisha la mama yake Sefu, ambaye hakumjua jina, ikabidi amwite Sefu mwenyewe amuulize.